Wimbo Usiorithika

Marehemu akiacha kabati la santuri na kaseti, wagawa mirathi hawana la kubishania kuhusu asili ya vitu hivyo. Vilikuwa vyake, sasa ni vya warithi, na ndugu wawili wakiigombea santuri moja ya taarab, ugomvi wao ni wa nani aichukue. Akiacha nyimbo elfu mbili alizozilipia moja moja kupitia programu ya kompyuta, mambo hubadilika. Pesa alitoa, na nyimbo alizisikiliza miaka mingi. Lakini mkataba alioukubali kwa kubofya ulimpa leseni ya kusikiliza yeye mwenyewe, leseni isiyohamishika, na yeye akishafariki haina pa kwenda. Je, alimiliki kitu? Swali la milki ni la kale kuliko umeme. Hata hivyo, naona vicheza muziki vya mfukoni vya miaka ya 2000, pamoja na programu zilizovisimamia, vinatusaidia kulijibu kwa uwazi usiopatikana kwa urahisi kwingine. Hoja yangu ni kwamba kumiliki ni kuwa na uwezo wa kutoa: kumpa mwingine, kumuuzia, kumwachia. Kisichoweza kutoka mkononi mwako kwa hiari yako si chako, hata ukikitumia kutwa kucha.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwenye chombo ambacho hakikuhitaji programu yoyote. Walkman ya kwanza, TPS-L2, ambayo Sony ilianza kuiuza Japani Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili waweze kusikiliza kaseti moja. Walioibuni walidhani kwamba muziki, hata ukishaingia mfukoni, ungebaki jambo la kushirikiana. Kaseti yenyewe ilichomoka: ukitaka unamwazima jirani, ukiichoka unaiuza. Vilipokuja vicheza muziki vya mafaili mwaka 1998, MPMan ya Korea Kusini na Rio PMP300 ya Marekani, makampuni ya kurekodi yaliishtaki kampuni iliyotengeneza Rio. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaamua upande wa Rio, ikisema kwamba mtu anayehamishia mfukoni nyimbo zilizo tayari kwenye kompyuta yake anafanya matumizi yake binafsi. Hukumu hiyo ilijibu swali la kuingia: je, wimbo nilio nao waweza kuingia kwenye chombo changu? Swali la kutoka halikuwa mezani, likaachiwa waandishi wa programu.

Apple ilipoitangaza iPod Oktoba 2001, ikiwa na diski ya gigabaiti 5, nafasi ya nyimbo 1,000 na bei ya dola 399, iliifungamanisha na iTunes, programu iliyotoka Januari mwaka huohuo. Sitaki kuidharau iTunes. Ilimpangia mtu nyimbo zake kwa msanii, albamu na mwaka, ikamwezesha kutunga orodha zake, na ikafanya kazi iliyokuwa ikiwashinda wengi iwe ya dakika chache. Lakini tazama jinsi nyimbo zilivyohifadhiwa ndani ya chombo. Ukiiamuru kompyuta ionyeshe folda zilizofichwa kwenye diski ya iPod, unakuta folda iitwayo iPod_Control, ndani yake Music, na ndani ya hiyo msururu wa folda: F00, F01, F02 na kuendelea. Humo nyimbo zimetawanywa bila utaratibu ambao jicho laweza kuufuata, na kila faili limevuliwa jina lake na kupewa herufi nne zisizo na maana. Chombo chenyewe hakipotei, kwa sababu kina hifadhidata inayokieleza kipi ni kipi. Anayepotea ni mwenye chombo. Kuingiza wimbo ni kazi ya sekunde. Kuutoa, programu haikuweka kitufe. Ukiichomeka iPod kwenye kompyuta ya rafiki, iTunes ya huko iliuliza kama iifute na kuijaza upya. Kilichosafiri kurudi kwenye kompyuta yako kilikuwa hesabu: wimbo gani umeusikiliza mara ngapi, na umeupa nyota ngapi. Mwaka 2006 toleo la 7 la iTunes liliruhusu nyimbo zilizonunuliwa kwenye duka la Apple zirudi kutoka iPod, ila kwenye kompyuta iliyoidhinishwa kwa akaunti ya mnunuzi yuleyule.

Linganisha na vicheza vya Archos au vya iRiver vya mfululizo wa H100. Hivi vilijitokeza kwenye kompyuta kama diski ya kawaida. Unaburuta folda unaiweka ndani, na kesho unaiburuta nje kwenye kompyuta yoyote, majina yakiwa kama ulivyoyaacha. Mpangilio wake ulikuwa juu yako mwenyewe, na si kila mtu aliutaka mzigo huo. Upande wa pili kabisa ilikuwa Sony, ileile ya matundu mawili. NW-HD1 yake ya mwaka 2004 haikucheza MP3. Programu ya SonicStage ililazimika kwanza kuugeuza wimbo kuwa wa mfumo wa ATRAC, na ulinzi wake ulifika hadi kuhesabu mara ambazo wimbo umetolewa kwenda kwenye chombo na mara ambazo umerudishwa. Miaka miwili baadaye Zune ya Microsoft ilikuja na uwezo wa kumrushia mwenzako wimbo bila waya, jambo lililosifiwa sana, lakini aliyerushiwa aliusikiliza mara tatu tu au kwa siku tatu, kisha ukamfungia. Katika miaka hiyohiyo vijana wa Dar es Salaam na Mombasa walikuwa wakirushiana nyimbo kwa Bluetooth kwenye simu za kawaida kabisa, na aliyerushiwa alibaki nao. Katika hizo mbili, zawadi ni moja tu.

Mtetezi wa iPod atasema kufuli hizi hazikuwa matakwa ya Apple. Ana hoja. Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliandika waziwazi kwamba makampuni makubwa manne ya muziki ndiyo yaliyoshurutisha ulinzi, na kwamba yeye angependa uondolewe. Alitoa pia takwimu yenye kufundisha: kwa wastani, chini ya asilimia 3 ya nyimbo zilizokuwa kwenye iPod zilitoka kwenye duka lake zikiwa na kufuli. Nyingine zote zilikuwa mafaili huru, mengi yakiwa yamenakiliwa kutoka CD za watu wenyewe. Lakini takwimu hiyo inamgeukia. Ikiwa zaidi ya asilimia 97 ya nyimbo hazikuwa na kufuli yoyote, kwa nini nazo zilifichwa kwenye F00 na F01, na kwa nini nazo iTunes haikuzitoa? Kufuli ilikuwa mahali pawili. Moja ilikuwa kwenye faili, nayo ililaumiwa na kila mtu. Nyingine ilikuwa kwenye tabia ya programu, na watu wakaizoea hadi wakadhani ndiyo maumbile ya vicheza muziki.

Pingamizi zito zaidi ni la falsafa. Aristotle, alipokuwa akieleza utajiri katika kitabu chake cha ufundi wa kuhutubu, alisema utajiri umo katika kutumia kuliko katika kumiliki. Basi kama mtu anasikiliza anachotaka, wakati anaotaka, kwa sauti safi, amekosa nini? Hoja hii ina mvuto, na ndiyo inayowatosheleza wengi leo. Lakini mahali hapohapo Aristotle anaeleza pia kipimo cha kitu kuwa chako: uwe na uwezo wa kukitoa, kwa zawadi au kwa kuuza. Matumizi anayoyasifu ni matumizi ya mtu ambaye tayari ana uwezo huo. Nami nakubaliana naye kwa sababu moja: kutoa ni sehemu ya kutumia. Mtu hausikilizi muziki kama anavyokunywa maji ya kiu. Anausikiliza na kutaka mwingine ausikie, mtoto wake aujue, rafiki aliyefiwa aupate usiku uleule. Programu iliyoruhusu kusikiliza na kuzuia kutoa ilikata matumizi yenyewe katikati.

Hapo mwanamuziki ana haki ya kuuliza: na mimi je? Faili hutolewa bila kumtoka mtoaji. Kaseti ukimpa jirani unabaki bila. Faili ukimrushia mnabaki nayo wote wawili, na kesho watu elfu. Afrika Mashariki tunajua madhara yake kwa karibu kuliko Cupertino, makao ya Apple. Vibanda vilivyowajazia watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi vililipwa, na aliyeimba hakuona hata senti. Dhuluma hiyo siitetei, na hoja yangu haiihitaji. Uwezo wa kutoa haulazimishi uwezo wa kuzidisha. Kampuni ya Marekani iitwayo ReDigi ilijaribu kuvitenganisha: mtu auze faili lake la iTunes, na nakala yake ifutwe kwenye kompyuta yake, wimbo ubaki kwa mmoja. Capitol Records iliishtaki ikashinda mwaka 2013, na Desemba 2018 mahakama ya rufaa ikauthibitisha ushindi huo, kwa hoja kwamba kuhamisha faili ni lazima kutengeneze nakala mpya mahali pengine. Njia moja ambayo mahakama iliiacha wazi ni kuuza chombo chenyewe pamoja na nyimbo zilizomo. Kisheria hukumu inaeleweka. Kimaadili inaacha pengo kubwa, kwa sababu mnunuzi aliyelipa senti 99 kwa wimbo, akiwa tayari kuuacha kabisa ili mwingine aupate, hamwibii mtu yeyote.

Wapo watakaosema tuyaite yote ukodishaji, tuache kulalamika. Ukodishaji hauna ubaya. Fikihi ya Kiislamu imeutenga kwa karne nyingi na mauzo: katika mauzo unapata kitu chenyewe, katika ijara unapata manfaa yake kwa muda unaojulikana na malipo yanayojulikana, na mkataba wenye utata wa msingi kuhusu kinachouzwa hukataliwa. Kwa kipimo hicho huduma za muziki wa kulipia kila mwezi ziko safi kuliko maduka ya faili yaliyozitangulia, kwa sababu anayelipia anajua akiacha kulipa muziki unakatika. Waliotendewa visivyo ni kama wateja wa MSN Music, duka la muziki la Microsoft. Walikubali bei, wakalipa, na Aprili 2008 Microsoft ikawaambia kwamba baada ya Agosti 31 seva hazitatoa tena funguo za kuhamishia nyimbo hizo kwenye kompyuta mpya. Kelele zikawa nyingi, muda ukasogezwa. Lakini walikuwa wamekwisha kufahamu kwamba walichokinunua kilikuwa na muda, na muda huo hawakutajiwa siku ya kulipa. Tangu Januari 2025 jimbo la California linawakataza wauzaji kumwambia mteja ananunua bidhaa ya kidijitali ambayo kwa kweli anapewa leseni tu, isipokuwa wamweleze hivyo waziwazi. Sheria hiyo ni nzuri, na imechelewa.

Kuna anayeona mjadala wote huu umepitwa, kwa kuwa Apple ilianza kuondoa kufuli kwenye nyimbo zake zote mwaka 2009, ikaitenganisha iTunes kuwa programu kadhaa kwenye Mac mwaka 2019, na Mei 2022 ikatangaza mwisho wa iPod. Lakini nyimbo zilizouzwa kabla ya hapo bado zipo majumbani mwa watu. Kundi la wanaojitolea lililoanza mwaka 2001 kwa kuiandikia Archos programu mpya, likaiita Rockbox, linaendelea na kazi hiyo hadi leo, na programu yao huwekwa pia kwenye iPod nyingi za zamani. Iweke, na chombo kinakubali folda za kawaida zenye majina ya kawaida, zinaingia na kutoka. Karibu kila wimbo uliotoka kwenye CD ya mwenyewe unarudi kuwa kitu ambacho mjane au mtoto anaweza kukichukua. Wimbo ulionunuliwa dukani kati ya 2003 na 2009 na kubaki na kufuli yake, Rockbox haiwezi kuucheza.