Ndege Apitaye ni wa Nani?

Kila mwaka majira ya mvua yanapofika, mbayuwayu waliozaliwa Ulaya huonekana katika nyanda za kati za nchi yetu. Katika nyanda hizo hizo, juu ya mashamba ya uwele na mtama kama yale ya Zuzu, karibu na Dodoma, hushuka pia makundi ya kweleakwelea, wasiotoka ng'ambo, bali huzunguka humu humu Afrika wakifuata mvua na mbegu za majani. Wale wa kwanza hawatudai kitu. Hawa wa pili hutuletea njaa. Twauliza leo: mwanadamu ana haki gani juu ya hao wote, na haki hiyo yakoma wapi?

Kwa miaka mingi watu hawakujua ndege waendako. Mwaka 1822 korongo mmoja aliuawa huko Ujerumani, akakutwa na mkuki wa Kiafrika umempenya shingoni; ndipo wataalamu walipopata ushahidi wa wazi kwamba huja kwetu wakati wa baridi yao. Mwaka 1899 mwalimu Hans Christian Mortensen wa Denmark alianza kuwafunga ndege pete ndogo zenye anwani. Mbayuwayu aliyefungwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, kusini mwa Afrika, mwaka 1912. Kwa majirani zetu wa Kenya, huko Ngulia katika Tsavo, tangu mwaka 1969 ndege wasafiri hukamatwa kwa nyavu usiku wa ukungu, hufungwa pete, kisha huachiwa waendelee na safari. Kazi hiyo yote imetufundisha neno moja: ndege tunayemwona leo shambani ana nyumba mahali pengine, na watu wengine wanamngojea.

Basi, mkono wa mtu mmoja waweza kuwanyima watu wa mbali bila kuwajua. Mwaka 2012, katika jimbo la Nagaland nchini India, wanakijiji waliwategea nyavu kozi wadogo wa Amur, ambao huruka toka mashariki ya Asia, huvuka Bahari ya Hindi, na kupita Afrika ya Mashariki kwenda kusini. Maelfu na maelfu waliuawa wakauzwa. Wazee wa vijiji na viongozi wa makanisa walipoelezwa safari ya ndege hao, walikubaliana kuacha; na mwaka 2013 mauaji yale yalikoma. Watu wale hawakuwa matajiri, wala nyama ile haikuwa mchezo kwao. Walitambua tu kwamba walichokuwa wakikimaliza hakikuwa chao peke yao.

Lakini mkulima wa Zuzu atatujibu: "Ninyi mwasema habari za kozi; mimi nina kweleakwelea." Jibu lake ni la haki. Ndege huyo mmoja hula nafaka kama gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni moja laweza kumaliza tani 10 kati ya mawio na machweo. Bwana wetu mwenyewe alitufundisha kwamba mbele ya Baba mtu ana thamani kuliko shomoro wengi. Mzazi ailindaye chakula cha watoto wake hatendi dhambi. Angeiacha kwa uvivu, hapo ndipo angekosa.

Hata hivyo, haki ya kujilinda si ruhusa ya kuharibu. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, yamruhusu mtu aliyekuta kiota kuchukua makinda, lakini yamwamuru amwache mama aende zake. Hapo pana hekima kubwa: tumepewa matumizi, hatukupewa kukata shina. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba viumbe vina thamani mbele ya Mungu, hata visipotufaa sisi.

Kwa kipimo hicho tupime njia zetu. Sumu inyunyizwayo kutoka angani juu ya malalo ya kweleakwelea haichagui: bundi na kipanga walao mizoga hufa, na mtu aokotaye ndege waliokufa apate kitoweo hujitia hatarini. Huenda pengine hapana njia nyingine. Basi lazima wanakijiji waonywe mapema, na maonyo yatiiwe. Lakini kule Kondoa watu tangu zamani huwanasa kweleakwelea kwa mitego ya kusuka na kwa nyavu, wakapata mboga ya nyumbani na akiba ya kuuza. Njia hiyo haiwezi kushinda kila kundi. Ila inapofaa, yachukua mwenye hatia bila kumwua jirani yake.

Kwa hiyo kuwaangalia ndege si kazi ya wasafiri wenye darubini tu. Kijiji kinachotambua mapema mahali walalapo, na kumpasha habari bwana shamba kabla masuke hayajakomaa, chaweza kuokoa mavuno kwa madhara machache. Aliyechelewa kutazama hulazimika kuua ovyo. Tena kuamia ndege ni wajibu wa watu wazima kwa zamu. Si haki mtoto akae dunguni na kombeo mchana kutwa, huku wenzake wakiwa darasani. Tukiokoa mtama kwa kumnyima mtoto elimu, tumelinda ghala na kupoteza mrithi wake.

Nabii Yeremia aliwataja korongo na mbayuwayu wanaoshika majira yao, ili awaaibishe watu waliosahau sheria ya Mungu. Aibu hiyo isitupate sisi. Ndege apitaye ni wa Mwumba wake. Ametupitishia mikononi mwetu kwa siku chache, nasi tutaulizwa tulimtendea nini.