Kijana, nafsi yako nayo inakudai

NAOMBA niulize swali ambalo vijana wengi wa mjini wanalikwepa. Je, mtu mwenye majukumu mengi anapotenga nusu saa akaketi na kitabu, au akanywa kahawa yake taratibu barazani kwa kashata, anakuwa ameiba muda wa watu au amechukua haki yake?

Swali hili si dogo. Kijana wa Dar es Salaam anatoka Chanika au Mbagala alfajiri, anagombea usafiri, anashinda kazini au dukani Kariakoo, na jioni anarudi kwenye foleni. Wengine wana masomo ya jioni, wengine wana kibiashara cha pembeni maana mshahara hautoshi. Ukimuuliza ni lini mara ya mwisho alisoma kitabu kisichokuwa cha mtihani, anacheka. "Nitasoma nikipata nafasi," anakwambia. Lakini nafasi haiji yenyewe, ndugu yangu. Nafasi hutengwa.

Wapo wanaodhani kuwa huko kujinyima ndiko kuchapa kazi, na kwamba starehe ndogo ndogo ni upuuzi wa wenye nazo. Wapo hata wanaodhani kuwa dini ndivyo inavyotaka. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Tunakifahamu kisa cha Salman al-Farisi (r.a) alipomtembelea nduguye Abu Dardaa (r.a), kilichopokewa katika Sahihi Bukhari. Alimkuta anafunga mchana na anataka kusimama usiku kucha kwa ibada, hata mkewe ameacha kujipamba. Salman alimtaka ale, akamtaka alale, kisha mwishoni mwa usiku wakaamka wakasali pamoja. Alimfahamisha kuwa Mola wake anamdai haki, nafsi yake inamdai, na ahali zake wanamdai, basi ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w), alisema kuwa Salman kasema kweli.

Tulizingatie neno haki. Mapumziko ya nafsi hayakuitwa zawadi ya aliyekwisha kumaliza kazi zote, kwani nani aliyewahi kuzimaliza? Na kama ibada ya sunna haikuachiwa imeze haki ya nafsi, itakuwaje kazi ya mwajiri, au tamaa ya kuongeza faida?

Hata hivyo, haki haichukuliwi kwa kudhulumu haki nyingine. Karani anayesoma riwaya huku watu wamepanga foleni dirishani hajipumzishi, anakula amana. Na kijana anayejifungia na kitabu wakati mama yake mgonjwa anahitaji maji, hana hoja.

Hapa pana jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kuambiwa. Katika nyumba nyingi kaka na dada wote wanatoka kazini jioni. Kaka anaoga, anakwenda barazani kucheza bao. Dada anaingia jikoni, anapika, anaosha vyombo, anafua, na anapoketi macho yanafumba. Binti huyu tusimwambie kuwa hajui kupanga muda. Muda wake umepangwa na wengine. Bi Aisha (r.a) alipoulizwa Mtume (s.a.w) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwasaidia ahali zake kazi. Kaka akiosha vyombo leo, dada atapata kurasa zake kumi.

Kurasa kumi si mchezo. Kwa mwaka ni kurasa 3,650, yaani vitabu zaidi ya ishirini vya kurasa 150. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akianzia forodhani mwaka 1926, na bado aliacha mashairi, insha na hadithi tunazozisoma hadi leo.

Mtu atasema: "Mimi napumzika na simu yangu." Sina ugomvi na simu; hata kitabu kinasomeka humo. Ninachouliza ni kimoja tu. Baada ya saa nzima ya kupitisha kidole juu ya kioo, unainuka umetulia au umechoka zaidi? Mapumziko ya kweli hukurudisha kwa watu wako ukiwa na moyo mkunjufu. Kitabu kizuri hufanya hivyo, na kahawa na rafiki vilevile, na hata kutembea ufukweni jioni, ambako hakuna kiingilio.

Wazee wetu walikuwa na kazi ngumu za shamba na bahari, lakini baraza hawakuliacha. Sisi tumerithi kazi, na baraza tumeligeuza kuwa duka. Deni la mwajiri tunalilipa kila mwezi, la mwenye nyumba tunalilipa, la mkopo tunalilipa kwa hofu. La nafsi tunaliahirisha kwa kuwa mdai wake hagongi mlango. Lakini asiyegonga mlango naye ana haki, na ujana aliotukopesha haurudi mara ya pili.