Amiri na Mwenzake Anayeogopa

Sunna inawaelekeza wasafiri watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Wenzangu wa Kuluba wameniteua mimi kwa safari yetu ya Kenya, tukatembee katika korongo la Ol Njorowa, Hell's Gate, karibu na Naivasha. Ni korongo jembamba. Kuna mahali mnapita mmoja mmoja kati ya kuta za mwamba. Mvua ikinyesha mbali, maji hushuka ghafla hata kama juu yenu kuna jua. Aprili 2012 yaliwaua vijana saba wa kanisa waliokuwa matembezini. Septemba 2019 yakaua tena watu saba.

Je, amiri anaweza kumwambia anayeogopa, "Tawakali, twende"? Naona hana haki hiyo. Mtu hutawakali kwa nafsi yake. Haweki rehani roho ya mwenzake kisha akaiita tawakuli. Tena, ukimcheka mwoga leo, kesho akiona hatari atanyamaza, na maji hayachagui jasiri. Uamiri ni amana. Mwongozaji akisema rudini, amiri ndiye awe wa kwanza kugeuka, ili asiwepo wa kuona haya kumfuata.