Saa ya Kupumzika Ni ya Nani?

Ndugu wakatekumeni,

Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza: «Mwalimu, kucheza mpira siku ya Dominika ni dhambi?» Nilimjibu upesi kwamba si dhambi, mradi Misa haikuachwa. Baadaye nikaona ya kuwa jibu langu lilikuwa fupi mno.

Kumbukeni nyakati za Wabelgiji. Tangu mwaka 1917 amri ya serikali iliwalazimisha watu wa vijijini kulima mazao waliyoagizwa, hata siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku hizo zikaongezwa kufika 120. Huku Kivu wengine walichimba madini ya kampuni ya MGL. Mtu ambaye siku zake zimehesabiwa hivyo, alibakiwa na muda gani wa kuketi na wazee akacheza bao? Na muda uliobaki nao ulipangwa na wengine. Bwana wa kazi alipenda mtu wake apumzike, ili kesho achimbe zaidi. Nasi wa misioni, tusifiche, tulitoa mpira ili vijana wasiende kwenye pombe na ngoma za usiku.

Je, mchezo wa namna hiyo ulikuwa mchezo kweli? Huko Léopoldville, Padri Raphaël de la Kethulle, aliyefika Kongo mwaka 1917, aliwakusanya vijana wengi katika michezo. Uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 leo unaitwa Tata Raphaël. Nadhani vijana wale hawakukimbia kwa ajili ya mipango ya mtu yeyote. Walikimbia kwa kuwa mpira ni mtamu. Jembe huegemezwa ukutani ili litumike tena kesho. Mtu si jembe, naye hupumzika kwa kuwa ni mtu.

Lakini hapo nakutana na jambo linaloniaibisha. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, amri ya siku ya kupumzika inawataja mtumwa na mjakazi, wapumzike sawasawa na bwana wao. Sasa tazameni vilima vyetu Dominika alasiri. Wanaume wameketi kwa kasiksi, vijana wako uwanjani, na mama anapanda mlima na dumu la maji, kuni mgongoni, sombe bado haijatwangwa. Mchana kutwa tunasimulia jinsi Wabelgiji walivyotawala saa za babu zetu. Saa za mama huyu zinatawaliwa na nani?

Basi, kijana wangu, nalisahihisha jibu langu. Mpira si dhambi. Ila kabla ya kutoka, uliza nyumbani ni nani atakayechota maji.

Dominika iliyopita nilichota mimi. Majirani walicheka sana kisimani. Mke wangu alikwenda kumtembelea dada yake, akarudi jua likizama.