Mahali Patakatifu: Utakatifu Kama Wajibu

Dini zinazofundisha kwamba Mungu hana mipaka ndizo hizohizo zinazowataka waumini waelekee upande mmoja wanaposali, wavue viatu kwenye kizingiti fulani, au wafunge safari ndefu kwenda kuzuru kipande kimoja cha ardhi. Katika Biblia, Mfalme Sulemani anapoliweka wakfu Hekalu la Yerusalemu anakiri kwamba hata mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba iliyojengwa na binadamu. Na Kurani, inayofundisha kwamba mashariki na magharibi zote ni za Mwenyezi Mungu, inamwamuru pia Mwislamu auelekeze uso wake kwenye Msikiti Mtakatifu wa Makka. Swali linalozuka hapa ni la kifalsafa kabla halijawa la kiteolojia: ikiwa Mungu yupo kila mahali, mahali patakatifu pana nini ambacho pengine hapana?

Wanazuoni wa karne ya 20 walilijibu swali hili kwa njia tatu kuu. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1912 kwamba kitakatifu ni kile ambacho jamii imekitenga na kukiwekea miiko, hivi kwamba anayekicha kitu hicho huwa anaicha jamii yake pasipo kujua. Mircea Eliade, mzaliwa wa Romania, aliandika mwaka 1957 kwamba utakatifu hauundwi na watu, bali hujidhihirisha kwao, na tukio hilo akaliita hierofania: jiwe, mti au kilima hubaki kama kilivyo, lakini mbele ya muumini hufungua njia kati ya dunia na mbingu, na papo hapo huwa kitovu cha ulimwengu wake. Jonathan Z. Smith wa Marekani, katika kitabu cha mwaka 1987, alidai kwamba ibada hutangulia, na kwamba mahali hupata utakatifu kutokana na yale yanayotendwa hapo kwa utaratibu na uangalifu.

Majibu hayo hupimwa vyema kwa mifano, na mfano unaomtatiza zaidi anayedhani kwamba utakatifu umo ndani ya jengo ni ule wa Ise nchini Japani, hekalu kuu la dini ya Shinto lililotengwa kwa ajili ya Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Tangu mwishoni mwa karne ya 7 imekuwa desturi kwamba kila baada ya miaka 20 majengo makuu ya hekalu hilo hujengwa upya, kwa mbao mpya za hinoki, mti wa Kijapani wa jamii ya miberoshi, katika kiwanja cha pili kilicho ubavuni. Kisha alama takatifu ya mungu huyo huhamishwa usiku, majengo ya zamani hubomolewa, na sehemu ya mbao zake hupelekwa kutumika katika mahekalu mengine. Mzunguko wa 62 ulitimia mwaka 2013. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 15 na ya 16 viliikatiza desturi hiyo kwa zaidi ya miaka 100, lakini ilifufuliwa, na waumini wanalihesabu hekalu hilo kuwa ni lilelile walimosali mababu zao, ingawa hakuna ubao wa kale uliosalia. Kilichorithishwa ni ufundi wa maseremala, utaratibu wa makuhani, na amri ya kujenga tena.

Kaaba ya Makka inatoa ushahidi unaofanana na huo kutoka katika mapokeo yaliyo mbali kabisa na yale ya Japani. Makureshi waliijenga upya kabla Mtume Muhammad hajapewa utume, Abdullah bin Zubeir akaijenga tena baada ya kuungua wakati wa mazingiwa ya mwaka 683, na mafuriko ya mwaka 1630 yalipoziangusha kuta zake, ilisimamishwa upya katika enzi ya Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya. Hadithi mashuhuri inasimulia kwamba Khalifa Umar, alipolibusu Jiwe Jeusi la Kaaba, alitamka waziwazi kwamba anajua kuwa ni jiwe tu, lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba analibusu kwa sababu alimwona Mtume akilibusu. Maneno hayo yanaondoa uwezo wote katika jiwe, na bado hayapunguzi chembe ya wajibu wa anayelibusu.

Hata pasipo jengo lolote, wajibu huweza kutosha. Katika pwani ya Kenya, Wamijikenda walijenga makazi yenye ngome ndani ya misitu, yaitwayo kaya, na humo wakazika fingo, yaani kago la kuilinda jamii. Kufikia miaka ya 1940 makazi hayo yalikuwa yamehamwa, lakini wazee wa kaya waliendelea kuitunza misitu kama mahali pa mizimu na maombi, kwa miiko inayokataza kukata miti na kuondoka na chochote. Mwaka 2008 misitu 10 kati ya hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wataalamu wa mimea wanaithamini kwa sababu miiko hiyo ilihifadhi miti iliyokwisha kutoweka mashambani kote.

Mfano wa Yerusalemu unaipeleka hoja mbele zaidi, kwa kuwa unaonyesha kwamba utakatifu huweza kudumu hata ibada ya mahali hapo inapokoma. Warumi walipolibomoa Hekalu mwaka 70, dhabihu, yaani sadaka za kuchinjwa, zilikatika. Lakini Wayahudi waliendelea kusali wakiuelekea mji huo, na kufunga kila mwaka kwa kuombolezea maangamizi hayo, na hadi leo wengi wa wale wanaoshika sheria za dini hawapandi kwenye mlima wa Hekalu, kwa kuhofia kukanyaga patakatifu bila kutakaswa. Hapa nadharia ya Smith inahitaji kurekebishwa: kinachopadumisha mahali si tendo linalofanyika hapo peke yake, bali ni wajibu unaomfunga mtu, na wajibu huo wakati mwingine hutimizwa kwa kujizuia na kukaa mbali.

Anayemfuata Eliade anaweza kupinga kwamba maelezo haya yanaufanya utakatifu kuwa zao la binadamu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linachanganya chanzo cha wajibu na namna unavyotunzwa. Muumini hajioni kuwa ndiye aliyeitunga amri. Hujiona amekabidhiwa, na ikiwa aliyemkabidhi ni Mungu, mababu au jamii, hilo ni suala ambalo teolojia na sosholojia zitaendelea kulijadili. Lakini hata aliyepata ufunuo mkubwa kuliko wote hana budi kuwaachia wanaomfuata jambo la kutenda na jambo la kuepuka, kwa maana wao hawakuuona ufunuo wenyewe.

Kutokana na hayo, mahali patakatifu panafaa kuwa na walinzi badala ya wamiliki. Sheria ya Kiislamu imelitambua jambo hili katika wakfu, ambao ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, isiyouzwa, isiyorithiwa wala kutolewa zawadi, na ambayo msimamizi wake huitunza bila kuimiliki. Katika Kanisa la Kaburi Takatifu huko Yerusalemu, madhehebu sita ya Kikristo hugawana nafasi na saa za ibada kwa mpango ambao dola ya Uthmaniya iliuthibitisha kwa amri ya mwaka 1852, huku familia mbili za Kiislamu, kwa desturi ya karne nyingi, moja ikitunza ufunguo na nyingine ikifungua mlango. Watawa wamewahi kupigana humo kwa sababu ya mipaka ya nafasi zao, na ugomvi huo huzuka kila mara wajibu wa kulinda unapogeuzwa kuwa haki ya kumiliki.

Hagia Sophia ya Istanbul, iliyokamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti mwaka 1453, ikaamriwa kuwa makumbusho mwaka 1934, na kurejeshwa kuwa msikiti mwaka 2020, inaonyesha kwamba serikali inaweza kuamua nani asali mahali fulani, lakini haiwezi kuwafuta wanaojiona bado wanafungwa na mahali hapo. Kwa hiyo penye mgogoro wa aina hii, kuuliza nani alitangulia kujenga hakutoshi, maana karibu kila msingi wa kale una mwingine chini yake. Swali lenye haki zaidi ni nani anaendelea kuubeba wajibu wa mahali hapo, na wajibu huo unamkataza kuwatendea nini wengine wanaoubeba pia. Jamii itakayodai utakatifu wa mahali bila kukubali kufungwa nao itakuwa imebakiwa na kiwanja tu, hata kama hati na kuta zote zimo mikononi mwake.