Neema Tutakayoulizwa: Funzo Kutoka Albamu ya Yusuf Islam



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, muhula ukikaribia kwisha mazungumzo ya mabwenini huwa ni yale yale: nani atatoka na daraja la kwanza, nani keshapata kazi, nani ana wafuasi wengi mtandaoni. Kutafuta mafanikio si kosa. Lakini katika Suratut-Takaathur Allah (S.W.) anatuonya kwamba kushindania wingi humshughulisha mtu mpaka kaburini, na sura inamalizika kwa kutukumbusha kuwa tutaulizwa juu ya neema.

Tumtazame mtu aliyepewa wingi huo akiwa na umri kama wetu. Mwaka 1970 kijana wa London aliyejulikana kwa jina la Cat Stevens, akiwa na miaka 22, alitoa albamu ya Tea for the Tillerman. Iliuzwa kwa mamilioni ya nakala. Kabla yake alikuwa ameugua kifua kikuu, akakaa hospitalini, na huko akaanza kujiuliza maana ya maisha. Maswali yale aliyatia katika nyimbo. Mmoja unauliza watoto watachezea wapi katika dunia hii tunayoijaza mashine na majengo. Sifa na fedha zikaja, majibu hayakuja.

Miaka kadhaa baadaye alikaribia kuzama baharini huko Malibu, Marekani. Akamwomba Mungu amwokoe, akaahidi kumtumikia, na wimbi likamsukuma kuelekea ufukweni. Kisha kaka yake akampa zawadi ya Qur'ani. Kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kilimgusa sana. Mwaka 1977 akasilimu, kisha akaitwa Yusuf Islam.

Tukimtaja Yusuf Islam, aghalabu tunaishia kwenye ubishi. Mmoja atasema aliacha muziki na kuuza ala zake kwa ajili ya sadaka. Mwingine atajibu kuwa mwaka 2006 alirudi na albamu mpya. Ndugu yangu, hukumu ya muziki huchukuliwa kwa wanazuoni na dalili zao, haichukuliwi katika maisha ya mwimbaji. Na ubishi huo unatupitisha mbali na jambo lililo wazi zaidi: alizifanyia nini fedha zake?

Albamu zake za zamani hazikuacha kuuzwa, na mapato yake hayakukatika. Aliyaelekeza katika kusaidia wenye shida na katika elimu. Mwaka 1983 alianzisha shule ya msingi ya Islamia jijini London, na mwaka 1998 ikawa miongoni mwa shule za kwanza za Kiislamu nchini Uingereza kupewa fedha za serikali. Aliyeuliza watoto watachezea wapi, akawajengea watoto mahali pa kusoma.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Siku ya Kiyama mja ataulizwa umri wake aliumalizia wapi, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma vipi na kuitumia katika nini, na mwili wake aliuchakazia wapi. Sisi hatuna albamu. Tuna elimu, afya na ujana, na karatasi ya shahada iko njiani. Usiseme, "Nikipata kazi nitaanza kutoa." Asiyetoa katika posho ndogo, mshahara mkubwa utamfundisha nini? Yuko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayehitaji kueleweshwa somo ulilofaulu. Wako watoto wa madrasa jirani wanaohitaji mtu wa kuwafundisha hesabu Jumamosi. Anza nao wiki hii, ili swali likija likukute una jibu.

Ewe Mola wetu, tunufaishe kwa uliyotufundisha, na usiifanye dunia kuwa hamu yetu kubwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.