Daftari Lisilo na Siku Tupu

Masika yakiingia, Nungwi hupumzika. Mahoteli hupunguza wafanyakazi, mengine hufunga hadi Juni. Boti zinazopeleka wageni Mnemba hupandishwa pwani zikatiwa kalafati na rangi, na vijana ambao tangu Disemba hawakupata hata Ijumaa ya kukaa barazani hujikuta wana mwezi mzima bila kazi. Hapo ndipo fikra za safari huzaliwa. Msimu mzima umesikiliza wageni wakihadithia walivyotoka Nairobi kwa barabara wakaenda Kampala, wakaenda Kigali, wakazunguka maziwa. Wewe mwenyeji wa Afrika Mashariki hujavuka hata mpaka wa Horohoro.

Hamu hiyo naiheshimu, na natamani vijana wetu wengi zaidi waende. Ndiyo maana nakisimulia kisa hiki. Vijana wake wawili ni wa kubuni, nimewaunga kutokana na mambo yanayowapata wasafiri wetu, lakini mipaka na tarehe zilizomo ni za kweli.

Mmoja alikuwa kijana wa boti, wa pili mpiga gitaa wa mahotelini. Walipanga kuondoka Nungwi Jumatatu, tarehe 11 Machi 2019, na kurudi tarehe 14 Aprili, kabla ya Ramadhani: wiki tano, nchi sita. Mombasa, Nairobi, Kampala, Kigali, Goma, Bujumbura, kisha Kigoma wapande meli ya Liemba hadi Mpulungu, Zambia, na warejee Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA. Kijana wa boti aliyaandika yote katika daftari la skuli, kila mstari siku moja: mji, gesti, bei. Mistari thelathini na tano, hakuna hata mmoja mtupu. Gesti nyingi walikwisha kuzilipia kianzio kwa simu, na mpiga gitaa alikwisha kupatana na mwenye baa mmoja wa Kigali apige Ijumaa na Jumamosi, tarehe 22 na 23 Machi. Malipo ya siku mbili hizo ndiyo yangewalisha nusu ya pili ya safari.

Jioni moja alilipeleka daftari kwa ami yake, fundi wa majahazi, aliyekuwa ameketi ufukweni ananoa tezo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nasikia mwasafiri. Kigali mtafika lini?"

"Tarehe ishirini na moja, usiku."

"Nani kakwambia?"

"Tumeshalipa, ami."

Mzee akalirudisha daftari bila kufungua ukurasa wa pili. "Baba yangu akenda Lamu, hakuwa akisema siku ya kufika. Alikuwa akisema anasubiri upepo gani."

Kijana alicheka. Aliona ni maneno ya watu wa matanga, na sasa kuna mabasi. Lakini mzee hakuzungumzia tanga. Nahodha wa zamani alipanga miezi kwa miezi akipita nchi nyingi, na mpango wake ulikuwa na nafasi ya kungoja ndani yake. Baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden mwishoni mwa 1938, chini ya nahodha Ali bin Nasir Al-Nejdi, wakashuka na kaskazi kupitia Somalia na Mombasa hadi Unguja. Wakaenda Rufiji kupakia boriti, wakakaa huko wiki kadhaa, kisha wakarudi na kusi, na Kuwait wakafika katikati ya 1939. Nahodha alijua msimu wa kurudi kabla hajang'oa nanga. Siku za katikati aliziacha wazi, kwa sababu alijua hazikuwa zake.

Mpaka ni hivyo hivyo, si wako. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kazi tarehe 1 Julai 2010, na Mtanzania mwenye pasi huingia Kenya, Uganda na Rwanda bila kulipia viza. Wengi huishia hapo: hakuna viza, basi njia nyeupe. Vijana wetu nao waliishia hapo.

Cha kwanza kilichowakwamisha kilikuwa karatasi ndogo ya rangi ya manjano. Kijana wa boti alikuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya miaka ya nyuma, na kadi hiyo tangu Julai 2016 hutambulika maisha yote. Mpiga gitaa alichanjwa Jumamosi, siku mbili kabla ya kuondoka. Walifika mpaka wa Busia alfajiri ya tarehe 16 Machi kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Ofisa wa afya akaishika kadi kwenye mwanga wa taa, akaweka kidole chini ya tarehe: kadi huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Kwa mpiga gitaa hiyo ilikuwa ya saba. Mtu pembeni akamnong'oneza mpiga gitaa kwamba kwa shilingi mia kadhaa za Kenya angepata kadi yenye tarehe nzuri zaidi. Alikataa, na nampongeza kwa hilo, maana kadi ya kununua haimkingi mtu na mbu. Lakini wenzao kwenye basi waliondoka, na wao wakalala Busia usiku tatu. Usiku tatu za Kampala, zilizokwisha kulipiwa, zikapotea.

Hata hivyo safari ilikuwa haijaharibika. Nataka hapa msomaji asimame kidogo, kwa sababu watu wakisimulia mikasa ya namna hii hulaumu mpaka. Tarehe 19 walifika Kampala. Kigali ni safari ya usiku mmoja. Walikuwa na nafasi ya kutosha kuwahi Ijumaa ya muziki.

Dirishani kwa mkata tiketi waliambiwa basi lake sasa linapita Mirama Hills na kuvukia Kagitumba. Mwishoni mwa Februari Rwanda ilikuwa imeufunga mpaka wa Gatuna kwa malori na kuyaelekeza kwingine, ikitaja ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani, huku serikali mbili zikituhumiana hadharani. Njia ya Mirama Hills huchepukia Ntungamo, haifiki Kabale. Na Kabale, kando ya ziwa Bunyonyi, daftari lilikuwa na usiku mbili zilizolipiwa.

"Tumeshalipa" ndilo neno lililowaponza. Badala ya kukubali hasara ya gesti moja na kupanda basi la Kagitumba, walikwenda Kabale kuzila siku zao. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hao ni watoto wa pwani waliofungasha kikoi na fulana. Siku ya kwanza walinunua masweta. Siku ya pili walitafuta gari la kupita Gatuna, na madereva wakawaambia wasubiri, huenda kesho. Kesho ikazaa kesho. Tarehe 22 ikapita wakiwa wanaangalia mvua dirishani. Mpaka ule ulikuja kufunguliwa rasmi tarehe 31 Januari 2022.

Waliposhtuka, walirudi Ntungamo wakapanda basi la usiku, wakaingia Rwanda asubuhi ya Jumamosi, tarehe 30 Machi. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya Umuganda, ambapo wananchi hutoka kufanya kazi za jamii na shughuli husimama hadi saa tano mchana. Walikaa ndani ya basi wakatazama watu wakifyeka kando ya barabara. Mchana mpiga gitaa akampigia mwenye baa kumwomba wikiendi inayofuata. Yule bwana alinyamaza kwanza, kisha akamwuliza kwa upole kama anaijua kalenda ya Rwanda. Jumapili ya wikiendi hiyo ilikuwa tarehe 7 Aprili, kumbukumbu ya miaka 25 ya mauaji ya kimbari. Wiki inayoanza siku hiyo nchi nzima huomboleza, na baa hazipigi muziki. Mgeni anayepanga kwenda nchi ya watu anapaswa kujua siku zao za huzuni kabla ya kujua bei za vyumba vyao. Hili sitaki kulipunguza makali.

Yaliyobaki yaliporomoka kwa mpigo. Goma walikuwa wameiandika bila kuuliza: Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tangu tarehe 1 Agosti 2018, na mama wa mpiga gitaa alipiga simu akiapa kwamba akienda huko asirudi kwake. Uhusiano wa Rwanda na Burundi ulikuwa umeharibika tangu 2015, na hawakupata basi la Bujumbura. Liemba, chuma kile cha Kijerumani cha 1913 kinachosifiwa katika kila kitabu cha wageni, ilikuwa imesimama ikisubiri matengenezo. Kitabu walichokinakili kilikuwa kimeachwa hotelini na mtalii miaka iliyopita. Simu moja Kigoma ingetosha.

Zikabaki fedha. Zote alizishika kijana wa boti, katika mfuko mmoja. Nyingi zilikuwa dola za bakshishi: noti za dola moja moja na tano tano, ambazo wabadilishaji huzinunua kwa bei ya chini, na nyingine za zamani, zenye picha ndogo ya kichwa; maduka mengi ya fedha kwetu huku hayapokei noti za kabla ya 2006. Nairobi walirudishiwa rundo zima kupitia tundu la dirisha. Zilizopokelewa zikageuka shilingi za Kenya, zikageuka shilingi za Uganda, zikageuka faranga, kila mpaka ukimega kidogo. Mpiga gitaa alipodai hesabu yake Kigali, alifunguliwa daftari. Mlikuwa na kila usiku wa safari, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema nani alitoa ngapi.

Walirudi kwa mpaka wa Rusumo, kisha Kahama, Singida na Dodoma, viti tofauti ndani ya basi moja, mvua ikinyesha njia nzima. Nungwi walifika siku tano kabla ya tarehe ya daftari, wakiwa wamefika nchi tatu kati ya sita.

Kijana wa boti alikiri deni. Aliahidi kulilipa msimu wa 2020, na mwaka huo corona ikafunga anga, hoteli zikawa magofu na boti zikakauka mchangani. Malipo ya mwisho aliyatoa baada ya Idi ya 2021.

Mipaka ilipotulia alikwenda tena Kigali, safari hii kwa Rusumo moja kwa moja, baada ya kupiga simu na kuuliza. Alilipia usiku wa kwanza tu. Katika wiki mbili aliacha siku nne bila kuziandika, na mbili kati ya hizo zilikwenda kwa basi lililoharibika Kahama; mbili alizitumia kuliona ziwa Kivu, upande wa Gisenyi. Alikuwa amemwalika mpiga gitaa, akamwambia kila mtu atashika fedha zake. Mpiga gitaa alimshukuru, akamtakia safari ya heri, na hakwenda.